Mapenzi katika Hadithi za Kitamil za Leo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeulizwa na wapwa zangu wanaoangalia filamu zilizotiwa maelezo ya Kiswahili, na rafiki aliyeazima riwaya moja kwa wiki akairudisha baada ya miezi mitatu, na majirani ambao huingia sebuleni filamu ikiwa katikati na kutaka waelezwe kila kitu. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi ya pembeni. Si lazima kuyasoma kwa mfuatano. Jibu likigusa jambo lililokwisha elezwa, nimetaja namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Kitamil si ndicho Kihindi?

Hapana. Huku tumezoea kuita kila filamu ya kutoka India "picha ya Kihindi", lakini Kihindi ni lugha ya kaskazini na Kitamil ni ya kusini, na wala si ndugu. Kihindi kiko ukoo mmoja na Kiajemi, na kwa mbali hata Kiingereza. Kitamil kiko ukoo wa Kidravidi pamoja na Kitelugu, Kikannada na Kimalayalam. Kina hati yake, na maandishi yake ya kale yana umri wa miaka elfu mbili hivi. Sensa ya India ya 2011 ilihesabu wasemaji wake wapatao milioni 69, wengi wao katika jimbo la Tamil Nadu ambalo mji wake mkuu ni Chennai, ulioitwa Madras hadi 1996. Wengine wako Sri Lanka upande wa kaskazini na mashariki, Malaysia, na Singapore ambako ni mojawapo ya lugha rasmi.

Usilichukulie jambo hili kijuujuu. Mwaka 1965 watu walikufa Tamil Nadu katika maandamano ya kupinga kulazimishwa Kihindi. Kumwambia Mtamil kwamba anasema Kihindi ni kama kumwambia Mkikuyu kwamba anasema Kisomali kwa kuwa wote wako Kenya.

Kinachotuchanganya zaidi ni njia ambayo filamu hizi hutufikia. Nyingi hutiwa kwanza sauti ya Kihindi, kisha DJ anaweka maelezo yake ya Kiswahili juu. Ikifika kibanda umiza, mwigizaji anafungua mdomo kwa Kitamil, Kihindi kinasikika kwa chini, na DJ anamwita kwa jina la mtaani. Sikiliza nyimbo: mara nyingine ndizo zilizobaki na dalili ya lugha ya mwanzo.

2. Hadithi ya mapenzi ya Kitamil ina nini cha peke yake?

Mahali. Hadithi nyingi za mapenzi huuliza kama fulani atampenda fulani. Ya Kitamil hulimaliza swali hilo mapema, kisha inakaa kwenye jingine: watakutania wapi, nani atawaona, na wakioana wataishi wapi.

Mizizi yake ni ya kale. Washairi wa Kitamil wa enzi ya Sangam, kama miaka elfu mbili iliyopita, waligawa mashairi mafungu mawili: akam, ya ndani, na puram, ya nje, yaani vita, wafalme na sifa. Ya ndani yalikuwa na kanuni kwamba kila hali ya mapenzi ina ardhi yake. Mlimani, linakoota ua la kurinji ambalo huchanua mara moja kila baada ya miaka 12, ndipo pa kukutana kwa siri. Msituni, mke anamngoja mume kwa subira. Kwenye mashamba ya mpunga ni ugomvi wa ndani: mume katoka kwa kimada, mke kamfungia mlango. Pwani ni kungoja kwa wasiwasi. Nyika kavu ni safari, ama ya wawili kutoroka pamoja, ama ya mwanamume kufuata mali. Mshairi hakuhitaji kusema kwamba mtu ana majonzi. Akitaja samaki walioanikwa mchangani, msikilizaji kishajua. Na wapenzi hawatajwi majina kabisa.

Kuna shairi moja la enzi hiyo, la 40 katika diwani ya Kuruntokai, ambalo kila Mtamil aliyesoma shule analijua. Mwanamume anamwambia mwanamke kwamba mama zao hawakujuana, baba zao hawakuwa na udugu, lakini mioyo yao imechanganyika kama mvua iliyoanguka kwenye udongo mwekundu. Jina la mshairi limepotea. Anaitwa tu "yule wa maji ya ardhi nyekundu", kwa tamathali yake mwenyewe. Nadhani hakuna mshairi aliyelipwa vizuri kuliko huyo.

Ukilishika hili, filamu na riwaya za leo zinafunguka. Treni ya abiria ya Chennai, paa bapa la nyumba pale nguo zinapoanikwa, kituo cha basi, genge la chai, ghorofa la kampuni ya kompyuta: vyote vinafanya kazi ile ile ya mlima na pwani.

3. Wao mapenzi wanayaitaje?

Neno la mapenzi ya wawili ni kaadhal. Anbu ni upendo mpana, wa mama, wa rafiki, wa Mungu. Lakini mtaani utasikia zaidi neno la Kiingereza lililovishwa sarufi ya Kitamil: "lav panren", yaani "nafanya lav". Aliyeachwa ana "lav feiliya", na hiyo ni hali inayotambulika kijamii, ina sare yake ya ndevu zisizonyolewa (tazama swali la 14).

4. Mbona wapenzi wanaitana kama watu wa ukoo mmoja?

Kwa sababu kwa desturi ndio walivyotakiwa kuwa. Msichana akimwita mpenzi wake maama, ametumia neno la mjomba. Athaan na machan nayo ni ya upande wa binamu na shemeji.

Kiswahili kitakusaidia kuelewa. Hata kwetu mtoto wa baba mdogo au wa mama mkubwa ni ndugu, kaka au dada, lakini mtoto wa mjomba au wa shangazi ni binamu. Watamil wana mgawanyo huo huo, ila wao wanasonga hatua moja mbele: binamu ndiye mchumba halali. Sehemu nyingine hata mjomba mwenyewe huoa binti wa dada yake. Kinyume chake, ndoa ya binti ami, ambayo watu wa pwani yetu hawaoni ajabu, kwa Mtamil wa Kihindu ni sawa na kumwoa dada.

Ndoa za namna hii zimepungua, kwa shule, kwa kazi za mjini na kwa maonyo ya madaktari. Ila maneno yamebaki, na katika hadithi amebaki pia yule binamu wa kijijini anayesema, "Huyu ni wangu tangu utotoni." Zamani alikuwa mtu wa vitisho. Siku hizi aghalabu ni kichekesho.

## Ndoa, ukoo na jaathi

5. Ndoa ya kupangwa huanzaje hasa?

Huanza kwa nyota. Wazazi hubadilishana karatasi za unajimu za watoto, na zikikubaliana, familia ya mwanamume huenda "kumwona msichana".

Tukio hili utaliona katika kila filamu ya pili, kwa hiyo litazame kwa karibu. Wageni wamekaa kwenye viti vilivyoazimwa kwa jirani. Wameletewa baji, yaani ndizi mbichi au viazi vilivyochovywa kwenye unga wa dengu na kukaangwa, pamoja na kesari, halua ya semolina yenye rangi ya machungwa. Vyakula hivi viwili vimeshakuwa utani wa shughuli yenyewe. Msichana anatoka jikoni amevaa sari ya hariri, ana asumini kichwani, mikononi sinia la kahawa katika bilauri za chuma. Anatakiwa asitetemeke. Shangazi wa mwanamume anamwomba aimbe kidogo. Mwanamume anatazama kahawa. Baadaye wanapewa dakika kumi za kuzungumza, na wapi? Juu ya paa, ambako majirani wote wanawaona.

Mwandishi mzuri hukuonyesha nyumba nzima kwa sinia hilo. Nani kalinunua, nani kalishika, nani hakupewa kikombe.

Mahari kwao hutoka upande wa mwanamke kwenda kwa mwanamume, kinyume na kwetu. Sheria ya India ya 1961 iliyapiga marufuku, na bado dhahabu inahesabiwa kwa pavani, kipimo cha gramu nane. Baba mwenye mabinti watatu katika hadithi ya Kitamil huna haja ya kuelezwa shida yake.

6. Jaathi ni nini, na kwa nini kila hadithi huishia hapo?

Ni tabaka la kuzaliwa. Huingii wala hutoki, na kwa desturi unaoa ndani yake tu. Wasomaji wa huku huuliza kama ni sawa na ukabila. Si sawa. Kwetu mtu wa kabila jingine anaweza kudharauliwa au kuogopwa, lakini kikombe alichonywea hakiwi najisi. Kwa Wadalit, waliowekwa chini ya ngazi yote, ndivyo ilivyokuwa. Katiba ya India ya 1950 ilipiga marufuku ubaguzi huo, lakini magenge ya chai yenye bilauri mbili, za hawa na za wale, yameendelea kuripotiwa Tamil Nadu miaka mingi baadaye.

Hapa tunarudi kwenye mahali. Kijiji cha Tamil Nadu kwenye ramani ni kimoja. Ukishuka basi utakuta viwili. Kuna uur, penye hekalu, duka na nyumba za wenye ardhi, na kuna cheri, wanakoishi Wadalit, ng'ambo ya barabara au ya mfereji. Kijana wa cheri na binti wa uur wanasoma darasa moja na kupanda basi moja, na ndani ya basi hakuna mfereji. Basi ndilo hatari.

Novemba 2012 wilayani Dharmapuri, ndoa moja ya kuvuka mpaka huo ilifuatwa na kuchomwa kwa nyumba zaidi ya 200 za Wadalit. Waandishi wengi wa kizazi hiki wameandika wakiwa na moshi ule puani.

Na usidhani ni suala la Wadalit peke yao. Baba wa tabaka la kati anaweza kumkataa mkwe wa tabaka jirani kwa ukali ule ule, tena wote wawili wakiwa wahandisi.

7. Wapenzi wanaotoroka huenda wapi?

Katika filamu, hekaluni kisha Chennai. Kwa kweli, mara nyingi kituo cha polisi, kuomba ulinzi.

Njia za kisheria ni mbili zinazotajwa sana. Ya kwanza ni sheria ya ndoa ya 1954 inayoruhusu watu wa dini yoyote kuoana bila kubadili dini. Kasoro yake ni tangazo: majina hubandikwa kwenye ofisi ya msajili na kusubiri siku 30 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kwa wawili waliotoroka, siku 30 za jina ubaoni ni kuwaelekeza wajomba njia. Ndiyo maana ubao huo wa matangazo umekuwa kama mhusika katika hadithi za mjini.

Ya pili ni ya Tamil Nadu yenyewe, nayo ina historia tamu. E. V. Ramasamy, anayeitwa Periyar, alianzisha vuguvugu la Kujiheshimu katika miaka ya 1920, na moja ya mambo yake ilikuwa ndoa bila kasisi wa Kibrahmani. Wawili wanavishana mashada ya maua mbele ya ndugu na marafiki, basi. Kwa miaka mingi ndoa hizo hazikutambuliwa na sheria, hadi serikali ya C. N. Annadurai ilipopitisha marekebisho ya 1967. Kwa hiyo ukiona ndoa ya dakika tano, mashada mawili na hakuna moto mtakatifu wa harusi ya Kihindu, usifikiri mtengeneza filamu kaishiwa fedha.

Umri halali wa kuoa ni miaka 21 kwa mwanamume na 18 kwa mwanamke. Ndiyo maana wapenzi wa kwenye hadithi hubeba vyeti vya shule, vyenye tarehe ya kuzaliwa, kuliko nguo.

8. "Mauaji ya heshima" ndiyo yale yanayoitwaje kwa Kitamil?

Ni pale ndugu wanapomuua mtu wao kwa kupenda au kuoana nje ya jaathi. Wanaharakati na magazeti mengi yameacha neno la heshima. Wanasema aanava kolai, mauaji ya kiburi. Kolai ni uuaji, aanavam ni majivuno. Kwangu huu ni mfano bora wa lugha kukataa kumbeba muuaji, na nimeshangaa kwamba sisi tungali tunaandika "heshima" bila hata alama za kunukuu.

Mwandishi Imayam ana novela iitwayo Pethavan, kuhusu baba anayeamriwa na kijiji chake amuue binti yake. Ni fupi, unaimaliza jioni moja, na usiku wake hutalala vizuri.

## Vitabu

9. Nianze na kitabu gani?

Pookkuzhi cha Perumal Murugan, kilichotoka 2013. Kwa Kiingereza kinaitwa Pyre, na mwaka 2023 kilikuwa kitabu cha kwanza cha Kitamil kuingia orodha ndefu ya tuzo ya kimataifa ya Booker.

Kisa ni chepesi kusimulia. Kumaresan anafanya kazi ya soda mjini, anampenda Saroja, anamwoa, anampeleka kijijini kwa mama yake. Mapenzi yamekwisha kuwa kabla ya ukurasa wa kwanza; wanashuka basi katikati ya jua kali na kuanza kutembea kuelekea nyumbani, na hadithi ni hiyo njia na hicho kibanda kilichojengwa juu ya mwamba. Saroja ni mtu wa mji, ngozi yake si ya jua lile, na kila anayemwona anauliza swali moja kwa namna kumi: huyu ni wa jaathi gani? Mwandishi hataji. Kurasa zote hizo, hataji. Msomaji naye anajikuta anataka kujua, kisha anaona haya.

Mwisho sitausema.

10. Ni kweli Perumal Murugan alitangaza kwamba amekufa?

Kama mwandishi, ndiyo. Riwaya yake Madhorubhagan ya 2010 inahusu mume na mke wa Tiruchengode, Kali na Ponna, wanaopendana sana ila hawajaliwi mtoto. Wazazi wanafikiria kumpeleka mke kwenye sikukuu ya hekalu, usiku mmoja ambao, kwa mujibu wa riwaya, mwanamke aweza kulala na asiyemjua na mimba ikahesabiwa ya mungu. Mwishoni mwa 2014 maandamano yakazuka, na Januari 2015 akaandika Facebook kwamba mwandishi Perumal Murugan amekufa na kwamba vitabu vyake viondolewe sokoni.

Julai 2016 Mahakama Kuu ya Madras ikakataa kukipiga marufuku kitabu na kumtaka arudi kwenye kazi anayoijua. Akarudi. Watu huikumbuka kesi zaidi ya kitabu, na ni hasara, maana sehemu ya kwanza ya Madhorubhagan ni kati ya maelezo matamu ya mapenzi ya ndani ya ndoa niliyowahi kusoma. Kali amekaa chini ya mti alioupanda mwenyewe kwa wakwe zake, na umekua mkubwa wakati nyumba yake haina mtoto. Mti tu, na umeelewa.

11. Na wanawake wanaandika nini?

Wanaandika ndani ya nyumba. Ambai, jina la kalamu la C. S. Lakshmi, mshindi wa tuzo ya fasihi ya taifa la India, Sahitya Akademi, ya 2021, ana hadithi mashuhuri kuhusu jiko lililosukumwa pembeni mwa nyumba na wanawake ambao maisha yao yamepimwa kwa ukubwa wa jiko hilo. Salma, Mwislamu wa mji mdogo karibu na Tiruchirappalli, aliachishwa shule alipovunja ungo, akaolewa, akawa anaandika usiku chooni na kuficha karatasi. Mama yake ndiye aliyezipenyeza kwa wachapishaji. Riwaya yake ya 2004, inayosomeka kwa Kiingereza kama The Hour Past Midnight, inahusu wanawake wa nyumba za aina hiyo, wanavyozungumza wanaume wakitoka. Mwanamke wa Lamu au Mji Mkongwe ataitambua baraza hiyo mara moja, ingawa upande wa ndani.

Halafu kuna soko kubwa lisilopata tuzo. Ramanichandran ameandika riwaya nyingi mno za mapenzi zinazouzwa stendi na stesheni: msichana maskini mwenye msimamo, mwanamume tajiri mwenye hasira, nyumba kubwa. Siku hizi urithi huo umehamia kwenye simu, katika majukwaa kama Pratilipi, ambako wanawake wengi huandika sura moja baada ya nyingine na wasomaji kudai inayofuata. Wasomi huzibeza. Mimi nasema mtu anayetaka kujua wanawake wa kawaida wanaota nini asianzie kwa wasomi.

## Filamu

12. Nipe filamu chache tu, za kuanzia.

Alaipayuthey ya Mani Ratnam (2000). Wawili wanaonana kwenye treni ya mjini, wazazi hawaelewani, wanaoana kwa siri kisha kila mmoja anarudi kulala kwao kana kwamba hakuna kilichotokea. Siri ikitoboka wanafukuzwa, na wanakwenda kuishi katika jengo ambalo halijamalizika. Nusu ya pili ni ugomvi wa vyombo, funguo na kuchelewa kurudi, na hapo ndipo filamu inapokuwa kubwa.

Kaadhal ya Balaji Sakthivel (2004). Fundi pikipiki wa Madurai na binti wa shule wa familia tajiri. Usiitazame ukiwa na huzuni.

'96 ya C. Prem Kumar (2018). Waliopendana shuleni Thanjavur wanakutana kwenye sherehe ya wanafunzi wa zamani, mwanamke akiwa ameolewa, na wanabaki na usiku mmoja Chennai. Wanatembea, wanakula, wanazungumza. Karibu hawagusani. Mwanamume ana sanduku la kumbukumbu za shule, na mwisho anakunja nguo aliyoiacha mwanamke na kuilaza humo. Kwa mtazamaji aliyezoea nyimbo za kwenye theluji, subira yake ni mshangao.

Pariyerum Perumal ya Mari Selvaraj (2018) nimeiweka kando, kwenye swali la 19.

13. Kwa nini kijana humfuata msichana barabarani mpaka akubali?

Kwa sababu kwa miongo mingi filamu zilimfundisha kwamba "hapana" ni mlango wa kusukuma. Mahali pengine msichana hana: kituo cha basi na njia ya chuo ndipo anapoonekana, kwa hiyo hapo ndipo anapoviziwa. Tamil Nadu ina sheria dhidi ya usumbufu huo tangu 1998. Mwaka 2016 mwanamke kijana aliyekuwa akienda kazini aliuawa kwenye stesheni ya treni Chennai asubuhi, mbele ya watu, na mjadala juu ya filamu ukawa mkali. Tangu hapo baadhi ya watengenezaji wamebadilika na wengine wameficha tabia ile ile ndani ya vichekesho. Filamu Lover ya 2024 inafanya jambo la maana zaidi: inamkalisha mpenzi mwenye wivu katikati ya picha na kumwacha achoshe, bila wimbo wa kumtetea.

14. "Soup boy" ni nani?

Ni kijana aliyeachwa na kulia hadharani, na lawama zote kumpa msichana. Jina lilienea na wimbo Why This Kolaveri Di wa Novemba 2011, uliofika hata huku bila mtu kujua kwamba ni Kitamil kilichochanganywa na Kiingereza kibovu kwa makusudi. Kolaveri maana yake ni hamu ya kuua. Kwa wimbo wa kuchekesha, fikiria.

15. Hakuna kubusiana?

Kupo, kwa uchache. Bodi ya serikali ya kuainisha filamu na hofu ya kupoteza watazamaji wa familia vimefanya wimbo ubebe kazi hiyo.

16. Simu imebadilisha nini?

Imeleta mahali papya pa kujificha na papya pa kufumwa. Mwaka 1996 Kadhal Kottai ilikuwa na wapenzi waliopendana kwa barua bila kuonana. Mwaka 2022 Love Today inamleta baba anayewaambia wawili hawa: badilishaneni simu kwa siku moja, mkiendelea kupendana mtaoana. Kila kilichokuwa kwenye paa, kwenye basi na nyuma ya hekalu sasa kiko kwenye kioo cha inchi sita. Baba hakuhitaji tena wajomba wa kupeleleza.

## Maswali ya pembeni

17. Je, wapo wapenzi wa jinsia moja katika hadithi hizi?

Wapo, na wanaongezeka. Mahakama Kuu Kabisa ya India iliyaondoa mapenzi hayo katika uhalifu mwaka 2018, ila 2023 ikakataa kutambua ndoa zao. Natchathiram Nagargiradhu ya Pa. Ranjith (2022) inakusanya kundi la waigizaji wa mji wa Puducherry wanaoandaa mchezo kuhusu mapenzi na mauaji ya jaathi, na wapenzi wa kila aina wamo bila kutolewa maelezo.

18. Watamil wa Sri Lanka wanaandika mapenzi ya namna hiyo hiyo?

Hapana. Vita vya 1983 hadi 2009 vilivunja mahali penyewe. Katika hadithi zao mpenzi yuko Toronto, London au Paris, posa inaletwa kwa picha, na bibi harusi anapanda ndege kwenda kwa mtu aliyemsikia sauti tu. Ile nyika kavu ya washairi wa kale sasa ni foleni ya viza.

19. Ile asumini kichwani ina maana gani?

Wanawake wa pwani yetu hawahitaji kuuliza, kikuba kinajibu. Kwa Watamil asumini, malli, hufungwa kwa uzi na kuuzwa kwa urefu wa mkono, na ile ya Madurai ndiyo inayosifika zaidi. Ni ya harusi, ya hekalu, ya mume anayerudi nyumbani na kifurushi cha jani la mgomba mkononi. Kwa desturi kali mjane haivai, kwa hiyo mwandishi akimvisha mjane ua, amesimulia sura nzima.

Mfano ninaoupenda uko mwisho wa Pariyerum Perumal. Mwanafunzi wa sheria wa Kidalit huko Tirunelveli amefanyiwa ukatili mkubwa kwa sababu msichana wa tabaka la juu alimpenda, na yeye hakuwahi hata kumgusa. Baba wa msichana anakuja kuzungumza naye. Wanaagiza vinywaji gengeni. Rudi kwenye swali la 6, kumbuka bilauri za hawa na za wale, kisha tazama picha ya mwisho: bilauri mbili zimesimama pamoja juu ya meza, moja ya maziwa, moja ya rangi, na katikati yake ua moja la asumini.